Picha Haijaisha Mpaka Imfikie Mwenyewe

Kila nikiposti picha ya mtu, komenti ya kwanza ni ileile: "Bro, unatumia kamera gani?" Sawa, wacha nijibu mara moja tumalizane. Ni Canon ya mtumba niliyonunua kwa jamaa aliyekuwa anaacha kazi ya kupiga harusi, na lenzi ya milimita 50. Sina studio, sina taa, sina msaidizi. Mchana nauza kava na chaja kwenye duka la mtu. Picha ni za jioni na za Jumapili, na sijalipwa hata shilingi kwa hizi ninazotaka kuwaeleza leo.

Swali ambalo natamani mngeniuliza ni lingine. Hiyo picha ilienda wapi? Yule mtu aliiona? Ako nayo? Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanipinga: picha ya uso wa mtu haijaisha mpaka imfikie mwenyewe mkononi, ikiwa kwa karatasi. Sisi wenyewe husema, "nimekuchukua picha." Basi ukichukua, kuna siku ya kurudisha.

Nina picha nne ninazozipenda kuliko zingine zote. Hizi hapa hadithi zake.

Mama mboga

Anauza sukuma, nyanya na dania karibu na steji yetu, na amenijua tangu siku zile nikitumwa na mathe mboga za jioni. Nilimwomba ruhusa nimpige akiwa kazini, akakubali. Nikapata moja kali sana. Ameinama, kisu kinapita kwenye sukuma, jua la saa kumi na moja limegusa vidole tu, uso uko nusu gizani. Mtandao unapenda picha ya namna hii. Laiki zinamwagika, watu wanaandika "maisha halisi" na moto tatu.

Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera, alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kijana wangu, na uso wangu uko wapi?"

Akanipa miadi. Jumapili saa nane, baada ya kanisa. Nilimkuta amesukwa upya, amevaa gauni la kitenge, na meza yote ya mboga ameifunika gunia. Hakutaka hata nyanya moja ionekane. Alisimama wima mbele ya geti la buluu la jirani, mikono imeshikana mbele, akaitazama lenzi bila kutabasamu, kama mtu anayetia sahihi. "Na mboga wananiona kila siku," akasema. "Hii ni ya kuniona mimi."

Hiyo ya geti ndiyo iliyo kwenye orodha yangu. Kuna watu watakwambia kwamba picha ya ukweli ni ile ya kuibia, mtu akiwa hajui. Lakini fungua albamu ya wazazi wako uone. Watu wamesimama hivyohivyo, wima, wamejipanga. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh ambako familia zilienda zikiwa zimevaa vizuri kupigwa picha rasmi. Baadaye, miaka ya 1990, wapiga picha wa mtaani walikuwa na vibanda vyao karibu na feri ya Likoni, na nyuma ya mteja kuna mandhari ya kuchorwa. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, na ukitaka kupigwa ukiwa na saa, redio au hata skuta, alikuazima. Wengine husema hao watu walikuwa wanaigiza. Mimi naona walikuwa wanachagua. Mtu ambaye siku nzima anaitwa "wewe mama, ebu niongezee" ana haki ya kuchagua dakika moja.

Fundi wa viatu

Ungedhani basi kila mtu anataka kuficha kazi yake. Fundi wetu wa viatu alitaka kinyume kabisa.

Anakaa chini ya mwavuli wa rangi zilizochujuka, kando ya ukuta wa posho mill. Picha pekee ya uso wake aliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho, ambayo unapigwa ukiwa umepanga laini tangu asubuhi na unatoka macho yamekutoka kama mtu aliyeshtuliwa. Nilipomuuliza anataka apigwe vipi, hakufikiria hata sekunde. "Na nyundo. Na kiatu kwa goti. Binti yangu ako chuo. Wakimuuliza babake anafanya nini, anasema biashara. Biashara gani? Mimi ni fundi."

Sasa hapa kuna kitu cha kiufundi niwaambie, kwa sababu mnaniuliza sana kwa nini picha za watu weusi hutoka giza. Kamera haijui ngozi. Mita yake inapima mwanga na kujaribu kusawazisha kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ukimweka mtu mweusi na nyuma yake kuna barabara inayowaka jua, kamera inaokoa barabara, uso wa mtu unapotea. Na hili si jambo la jana. Enzi za filamu, maabara zilikuwa na kadi za Kodak za kulinganisha rangi, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hizo ni mwanamke mzungu. Kadi zenyewe zilikuja kuitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, sisi wengine tukatoka tulivyotoka.

Kwa hivyo mimi hufanya hivi. Namgeuza mtu ili nyuma yake kuwe na ukuta na si barabara, namweka kivulini lakini akiangalia kule kwenye mwanga, halafu napimia uso. Kama kuna kitu cha kuungua kiwe cheupe, kiungue kile cha nyuma. Na usichelewe: huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na linashuka haraka. Ule mwanga mtamu wa jioni ni wa dakika chache tu.

Fundi alitoka vizuri. Mikunjo ya paji la uso inahesabika, rangi nyeusi ya viatu iko kwenye kucha, nyundo imeinuliwa kidogo. Nilimchapishia mbili. Moja iko ndani ya kisanduku chake cha misumari, imefungwa kwa nailoni isipate gundi. Ya pili alimpa binti yake alipokuja likizo. Binti aliuliza kwa nini hakuvaa shati lingine. Fundi alinihadithia hayo akicheka. Hajui picha hiyo binti ameiweka wapi, na hajamuuliza.

Kijana wa bodaboda

Hii ndiyo ngumu kuandika.

Alikuwa wa rika langu. Jumapili moja alikuwa ameosha pikipiki ikameta, akaniita, "Msee, leo niko sawa, nipige." Nikampiga kama picha kumi. Katika moja, mwenzake alimtania kutoka nyuma, akacheka mpaka macho yakafungwa, ule mwanya wa meno ya mbele ukaonekana wote. Nilimchapishia hiyo. Nyuma ya picha niliandika kwa kalamu, kama ninavyofanya siku zote: tarehe, mtaa, jina lake na nambari yangu ya simu.

Miezi michache baadaye alipata ajali usiku, akaaga.

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya matanga unajua kuna jioni moja ya picha. Watu wameketi na simu zao wakitafuta uso wa marehemu wa kuweka kwa programu ya mazishi na ile fremu kubwa inayobebwa mbele ya jeneza. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba kijana aliyekuwa na simu yenye kamera mbili hana picha. Simu yake ilikuwa imevunjika palepale barabarani. Walichopata ni kitambulisho, picha moja yenye filta ya masikio ya mbwa, na nyingine ya harusi ambapo angekatwa kutoka kwa bega la mtu. Sote tumeziona picha za kukatwa, ambazo mkono wa mtu mwingine umebaki shingoni.

Mama yake akaenda chumbani akarudi na Biblia. Picha yangu ilikuwa katikati ya kurasa. Kijana alikuwa amempelekea kitambo, na mama akaiweka pale inapokaa salama. Wakageuza nyuma wakaona nambari. Nilipigiwa saa nne usiku, na kabla ya saa tano nilikuwa nimewatumia faili kubwa la kuchapisha kwa fremu.

Kuna mjomba mmoja aliyeona haifai. Eti mtu hacheki hivyo kwa mazishi yake. Mama alimjibu kwa upole lakini hakurudi nyuma: "Huyo ndiye niliyezaa. Huyo wa kitambulisho simjui." Fremu ikatangulia jeneza ikicheka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuchapisha picha ni mambo ya kizamani, sibishani naye sana. Namuuliza tu, simu yako ikivunjika leo, mama yako atafungua wapi?

Na hayo maandishi ya nyuma si mapambo. Mwaka 1991 picha za yuleyule Seydou Keïta zilionyeshwa New York kama kazi ya mpiga picha asiyejulikana, na mwenyewe alikuwa hai kule Bamako. Ikiwa jina la fundi mkubwa kama yule liliweza kudondoka njiani, la mtu wa mtaani wetu litashikwa na nini kama hukuliandika?

Ile ambayo hamtaiona

Picha ya nne ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ni ya msichana wa darasa la nne, jirani yetu wa plot. Nitaishia hapo kuieleza.

Mama yake aliniambia, "Piga, nataka akumbuke alivyokuwa. Lakini usimweke kwa mtandao." Nikasema sawa, mama. Nikachapisha, nikampelekea, yeye akaitundika karibu na kalenda. Nakala yangu iko kwa diski na haitoki.

Najua ingefanya vizuri. Nimekaa na nyinyi muda wa kutosha kujua nini kitasambaa. Ndiyo, sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto, na sura yake ni mojawapo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mama alisema hapana. Sisi tunaounda maudhui tumezoea kuona kila uso kama maudhui: mtoto anayelia, mzee anayelala kwa benchi, mlevi wa asubuhi. Unamposti, unapata wafuasi mia mbili, yeye hajui hata kwamba amechekwa na nchi nzima. Kama huwezi kumpelekea mtu picha yake na ukasimama hapo akiiangalia, kwa nini umwonyeshe kwa watu wengine wote?

Sasa, gharama

Mtasema kuchapisha ni pesa. Ni kweli. Mimi hulipa shilingi 50 kwa picha moja ya saizi ya postikadi, kwa kibanda kimoja mjini. Hiyo ni chini ya bando ninazomaliza nikitazama watu wakibishana kuhusu lenzi. Kila mwisho wa mwezi nachagua kumi, nachapisha, natembea nazo mtaani kama mtu wa posta. Wengine hawapo, wamehama. Hao nabaki nao kwa bahasha, na jina limeandikwa nyuma, kwa sababu mtaa huu watu huhama na hurudi.

Na hauhitaji kamera. Simu yako inatosha kabisa. Leo jioni pitia picha zako, tafuta moja ya mama yako, au ya shosh, ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Si ile unayoipenda wewe. Muulize. Akisema uso hauonekani, mpige nyingine, mpe nafasi akabadilishe kitambaa kwanza. Chapisha mbili, moja yake na moja yako. Andika nyuma jina, mahali na tarehe, kwa kalamu isiyofutika.

Halafu rudi hapa kwa komenti uniambie alisema nini alipoishika. Hiyo ya kamera gani nimeshajibu.