Dawa ya Mtoto

Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu, nikafaulu mtihani, kisha nikayasahau ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nataka kuwasimulia, vijana wasomaji, jinsi nilivyokumbushwa.

Mwaka 2019 nilikuwa nikimlea mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka mitatu. Alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Uhai wake ulitegemea dawa za asubuhi na jioni, na mojawapo ilikuwa dawa ya maji ya lopinaviri na ritonaviri. Ilikuwa na nguvu juu ya virusi, lakini haikutengenezwa kwa ulimi wa mtoto. Ilikuwa chungu mno, na takriban asilimia 42 ya ujazo wake ilikuwa alkoholi. Tena haikustahimili joto. Nasi, watu wa pwani tusio na jokofu, tuliiweka kivulini kando ya mtungi wa maji.

Kila alfajiri vita vilizuka. Mtoto alifumba kinywa, akageuza uso, akalia. Nilimshika mikono huku nikimwambia mama yangu, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Niliifanya methali hiyo cheti cha ukali wangu. Kumbe mtoto alikwisha jifunza hila: aliipokea dawa kinywani, akanyamaza, kisha akaitema nyuma ya nyumba.

Siku moja tuliitwa kliniki. Damu yake ilikuwa imepimwa, na virusi vilikuwa vimeongezeka. Muuguzi alitueleza kwamba dawa ikinywewa leo na kukosekana kesho, virusi hupata nafasi ya kuwa sugu, na mwishowe dawa haiviwezi tena. Nilirudi nyumbani na hasira, tayari kumwadhibu mtoto. Mama akanizuia mlangoni.

"Mwanangu," aliuliza, "wewe umewahi kuionja?"

Sikuwa nimeionja. Nikatia tone moja ulimini. Uchungu ule ulinikaa kinywani hata baada ya chakula cha usiku, na haya ikanikaa zaidi. Mpwa wangu hakuwa mkaidi. Alikuwa akisema kweli kwa lugha pekee aliyokuwa nayo.

Baadaye nilitafuta kujua kwa nini watoto walisahauliwa. Katika nchi tajiri watoto wachache sana huzaliwa na virusi hivi; basi soko la dawa zao lilikuwa dogo, na faida yake ndogo. Kwa miaka mingi walezi wengi wa Afrika walivunja vidonge vya watu wazima vipande vipande.

Mwezi wa Novemba 2020 kidonge cha watoto cha dolutegraviri, chenye miligramu 10, kilipata idhini ya awali nchini Marekani. Huyeyuka majini, kina ladha ya stroberi, hunywewa mara moja kwa siku, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto. Desemba mwaka huo Unitaid na washirika wake walitangaza mapatano ya kupunguza gharama ya matibabu ya watoto kwa asilimia 75. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukipokea.

Kilipotufikia, mpwa wangu alikoroga mwenyewe kwa kijiko, akanywa, akaniangalia kwa mshangao.

"Mjomba, imekwisha?"

Ilikuwa imekwisha. Miezi kadhaa baadaye kipimo hakikuona tena virusi katika damu yake, na leo yumo darasani kama watoto wengine.

Methali ile ingali kweli. Mimi ndiye niliyeitumia vibaya. Kuna kilio cha ukaidi, na kuna kilio chenye hoja. Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa waganga, wengine watengeneza dawa, na wengi wenu wazazi. Siku mtoto atakapofumba kinywa mbele yenu, msiinue mkono. Onjeni kwanza.