Shanta la Kamera na Safari ya Kilwa Kisiwani

Vijana wengi wa siku hizi hawasafiri ila na kamera. Jambo hili si baya. Lau babu zetu wangalikuwa nazo, tungaliijua leo sura ya misikiti mingi ambayo twaisikia kwa jina tu. Lakini anunuapo kijana kamera, huuliza na kuulizia kwa siku nyingi. Anunuapo shanta la kuichukulia, hutwaa la kwanza alionalo, au hutwaa lile lenye jina la mtengenezaji wa kamera kwa herufi kubwa, likamwambia kila mwizi wa stendi kilichomo ndani. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa mfano wa mahali pamoja, Kilwa Kisiwani, kwa kuwa safari yake ina kila kitu cha kulijaribu shanta: basi, vumbi, mashua, maji ya chumvi, jua kali na mwendo wa miguu.

Kutoka Dar es Salaam hata Kilwa Masoko ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Mto Rufiji, uliokuwa zamani kizuizi kikubwa cha njia hii, wavukwa kwa Daraja la Mkapa tangu mwaka 2003. Katika basi shanta litakaa mapajani au miguuni pako saa nyingi. Kwa hiyo lisiwe kubwa kuliko lita 20 au 25. Lililo kubwa zaidi utaambiwa ulitie katika buti, chini ya magunia na ndoo za watu, na kamera si kitu cha kulaliwa na gunia. Kadhalika litazame mlango wake. Mashanta mengi hufunguliwa kwa mbele, yaani upande wa nje, ambapo aliye nyuma yako katika msongamano aweza kuivuta zipu nawe hujui. Yako mengine ambayo mlango wa kamera upo upande unaogusa mgongo wa mchukuzi. Hilo ndilo tulipendalo, kwa sababu mbili: mwizi haufikii mlango huo ila kwa kukuvua shanta lenyewe, na ulilazapo chini ili ulifungue, tope hushika upande wa nje, si upande utakaouegemeza kwenye kanzu yako.

Kibali cha kuzuru magofu hukatwa Masoko, kisha watu huvuka kwa mashua. Hapa ndipo pa hatari. Katika safari yetu alikuwapo mwenzetu aliyeliweka shanta lake chini, karibu na miguu yake, huku baharia akifua maji ya ngama. Nahodha alimwambia, “Bwana mdogo, mzigo wako wanywa maji.” Akalinyanyua kwa haraka, na Alhamdulillahi lilikuwa limelowa kitako tu. Shanta la safari za pwani na liwe na koti lake la mvua, na kitako kisichopitisha maji. Na lichukuliwe mgongoni, ukanda wa kifuani umefungwa, kwani maji yakiwa yamekupwa huenda mkalazimika kushuka na kutembea majini.

Mwenzetu huyo alikuwa na kosa jingine kubwa zaidi. Shanta lake lilikuwa la kamera tupu: kila chumba kina viambaza vya sponji, na kila kiambaza kina lenzi yake. Hapakuwa na nafasi ya chupa ya maji, wala kofia, wala msala. Vitu hivyo alivitia katika mfuko wa plastiki, akaushika mkononi. Na mtu mwenye mkono mmoja hapigi picha. Alipochoka nao aliuacha katika mashua.

Sasa na tuutazame Msikiti Mkuu wenyewe, maana mahali ndipo panapoamua zana. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Ile ya kusini, yenye nguzo na kuba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alimkuta Sultani huyo mwaka 1331, akasimulia jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomwomba nguo alizozivaa, naye akampa. Chini ya kuba mna kivuli kizito, na nje jua laumiza macho. Basi utakayohitaji ni lenzi moja pana, itakayoona nguzo nyingi kwa mara moja, na nyingine ipendayo giza, yaani yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga. Lenzi ndefu ya kuwindia simba yafaa Mikumi. Hapa ni mzigo bure. Kamera na lenzi hizo mbili hazijazi zaidi ya nusu ya shanta.

Nusu iliyobaki ndiyo ya msafiri. Chagua shanta ambalo chumba chake cha chini ni cha kamera, na viambaza vyake vyaweza kubanduliwa, na chumba cha juu ni kitupu. Humo tia msala mwembamba, kofia, shuka au kanga, tende kidogo, dawa zako, na karatasi zako katika mfuko usiopitisha maji. Chupa ya lita moja na nusu na ikae katika mfuko wa ubavuni, nje, isije ikavuja juu ya kamera. Mama anayesafiri na mtoto mchanga atakuta chumba hicho cha juu chatosha nepi na nguo za kubadilisha. Shanta tupu lisizidi kilo mbili; maana maji peke yake ni kilo moja na nusu, na kamera na lenzi zake ni kama kilo mbili. Wajao kwa ndege, kutoka Maskati au kwingineko, wakumbuke kwamba mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu za mkononi, na kwamba betri za akiba hazitiwi katika mizigo ya chini ya ndege.

Tulipoondoka msikitini tulishika njia ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo huyo lililo juu ya jabali la pwani, lenye birika la kuogea la pembe nane. Ni mwendo wa miguu, na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Njiani hatukuona duka. Mwenzetu aliyeacha maji mashuani alikunywa ya wenziwe hata yakapungua, kisha akaketi chini ya mti, kichwa chamuuma. Sisi tuliliona birika lile. Yeye, aliyekuwa na lenzi nyingi kuliko sote, hana picha yake hata moja.

Jioni, mkisharudi Masoko, toeni vitu vyote, mpanguse shanta kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, hasa meno ya zipu, kwani chumvi huyagandisha. Kisha liachwe wazi mpaka likauke. Kamera isilale katika sponji lenye unyevu. Ukungu huota ndani ya lenzi, na kuusafisha huko ni kazi ya fundi.