Kipenga Kimoja kwa Wote



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunawaalika kutafakari tukio la mbali nasi, katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Mwezi Machi 2021, timu za Nashville na Detroit zilikutana katika ligi ya NHL ya Amerika ya Kaskazini. Mwamuzi Tim Peel alimwadhibu mchezaji wa Nashville kwa kumtega mwenzake. Punde kipaza sauti kilichoachwa wazi kikarusha hewani maneno yake: kosa lenyewe halikuwa kubwa, ila alitaka kuipa Nashville adhabu mapema. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba hatachezesha tena. Alikuwa amebakiza wiki chache tu astaafu.

Maneno yake yaligusa yale ambayo watazamaji waliyashuku kwa miaka mingi: kwamba timu iliyoadhibiwa mno hufidiwa kwa kuadhibiwa wapinzani wake, na kwamba dakika za mwisho kipenga hunyamaza.

Ligi hiyo ilikwisha kuonja dawa ya jambo hili. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa mikataba, waamuzi waliagizwa kumwadhibu pasipo kulegea kila anayemshika mwenzake au kumnasa kwa gongo. Makosa hayo yalikuwa yamekatazwa tangu zamani. Kilichopungua ni usimamizi. Mwanzoni adhabu zilikuwa nyingi, lakini wachezaji wepesi wakapata nafasi, na magoli yakaongezeka.

Wapendwa, nasi tumekabidhiwa kipenga, na hatuna budi kukiri. Tuliwahi kumkatalia mama mmoja ubatizo wa mwanawe kwa kuwa hakumaliza mafundisho ya wazazi. Mwezi uleule tukambatiza mtoto wa mfadhili wa parokia, ambaye wazazi wake hawakuhudhuria hata siku moja. Yule mama hakulalamika. Aliacha tu kuja kanisani. Dhamiri ilipotusuta, tukamlegezea kanuni maskini mwingine, tukajiona tumesawazisha. Kumbe tulikuwa tumekosa mara mbili, na yule wa kwanza bado alikuwa nje.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza hukumu ya kumpendelea maskini na ya kumstahi mkubwa, vyote viwili katika aya moja. Huruma nayo ina nafasi yake; lakini mlango tunaomfungulia mmoja kwa huruma hatuna haki ya kumfungia mwingine kwa jina la kanuni.

Juma lililopita tulikwenda nyumbani kwa mama yule kuomba radhi. Alitupa kiti, akatusikiliza, wala hakutujibu neno. Tutarudi tena. Nanyi wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya, jiulizeni ni nani aliyeondoka kimya kwa sababu ya kipenga chenu.

Mtuombee, nasi twawaombea. Dominika njema.