Siri Ni Amana: Tuliyojifunza Banissa



Sisi ni mume na mke, wazaliwa wa Mombasa, na kazi yetu ni ushauri nasaha. Baada ya ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyokosa, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, tulihamia Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Tulikuta watu waliokuwa na mifugo mingi wakabakiwa na kamba mikononi, na wengi wao usingizi ulikuwa umewahama. Tukakodi vyumba viwili vyenye paa la mabati, tukatandika mikeka, tukaweka chupa ya chai na kabati la chuma lenye kufuli. Mke huwasikiliza wanawake, mume huwasikiliza wanaume. Tulidhani kabati lile ndilo litakalozilinda siri za watu.

Leo tunataka kuwasimulia jinsi sisi wenyewe tulivyoivunja siri ya mteja wetu mmoja. Hatutasema kama ni mwanamume au mwanamke, wala umri wake, wala ukoo wake, wala lililomleta kwetu. Tumeandika baada ya mwenyewe kuturuhusu, na tumeandika yale tu aliyoyaruhusu.

Mmoja wetu alikutana naye dukani asubuhi moja. Akafurahi kumwona, na baada ya salaam akamuuliza kwa wema, "Siku hizi unalala vizuri?" Mteja akajibu, "Alhamdulillah," akainamisha macho. Kando yake alikuwa amesimama shemeji yake, ambaye hakusema neno. Lakini Banissa si mji mkubwa. Jioni ile nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba fulani halali usiku na kwamba huenda kwa wale watu wa pwani. Haikufika Ijumaa, kukosa usingizi kukageuzwa wazimu vinywani mwa watu. Jambo moja la maisha yake lililokuwa karibu kutimia likasimama.

Hakurudi tena kwetu. Lililotuuma zaidi ni kwamba hatukuweza hata kumwendea tumtake radhi. Kupiga hodi kwake kungewathibitishia jamaa zake yale waliyokuwa wakiyakisia. Kumpigia simu hakukufaa, kwa kuwa simu ile hushikwa na wengi nyumbani. Kumtuma mtu kungekuwa kuongeza sikio jingine. Sentensi moja ya upole ilikuwa imetufungia kila njia ya kuitengeneza. Ikawa ni kungoja na kumwomba Mola.

Katika kungoja huko tulianza kuikagua kazi yetu, kama mtu akaguavyo paa baada ya mvua, tukakuta linavuja pasipo idadi.

Tulianza na viatu. Kwa adabu yetu sote, mtu huvua viatu mlangoni. Nasi hatukuwa tumefikiri kwamba katika mji ambao watu wanajuana, viatu ni jina la mtu. Apitaye njiani hana haja ya kuchungulia, kwani ndara zilizoachwa kizingitini zimekwisha kumwambia nani yumo ndani na tangu saa ngapi. Tukatengeneza kishubaka cha viatu upande wa ndani wa mlango.

Kisha malipo. Mteja akitulipa kwa M-Pesa, ujumbe ulibaki katika simu yake ukitaja jina la chumba chetu, na jina hilo lilikuwa na neno "ushauri" ndani yake. Tukalibadilisha, tukaweka jina lisilosema kitu. Tukatenganisha na nyakati za miadi, ili anayetoka asikutane na anayeingia.

La tatu lilikuwa zito zaidi, nalo ni mkalimani. Wenyeji wa huku husema Kisomali, Kigarre na Kiborana, na mtu aliyejeruhika moyo hupenda kulia kwa lugha ya mama yake. Kisomali chetu ni cha kujifunza ukubwani, kwa hiyo hutuhitaji mtu wa kati. Lakini mtu wa kati aliyezaliwa hapa ni jamaa wa kila mtu. Sasa mkalimani hula yamini kabla ya kuanza, na mteja humjua mapema na ana haki ya kumkataa bila kuulizwa sababu. Wako waliochagua kusema nasi kwa Kiswahili cha kukatika-katika kuliko kusikiwa na binamu. Tumejifunza kuvumilia ukimya unaokuwapo wakati mtu anatafuta neno.

La mwisho lilikuwa nyumbani kwetu. Mume na mke wanaofanya kazi moja hushawishika kusimuliana wakati wa chakula cha usiku. Tukaacha. Kila mmoja ana daftari lake, ufunguo wake na droo yake, na anayebeba mzigo mzito humwendea msimamizi wake wa kazi, bila kutaja jina la mtu. Zipo nyuso ambazo mmoja wetu anazijua na mwenzake hazijui, nasi tunalala chini ya paa moja kwa amani.

Sheria ya nchi iko upande wa mwenye siri. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika daraja la habari nyeti, na inamtaka azitunzaye, zikiangukia mikononi pasipo haki na ikawepo hatari ya madhara, ampe taarifa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa daftari lililoibwa, basi, tunajua la kufanya. Kwa neno lililokwisha kutamkwa mbele ya shemeji wa mtu, hakuna saa 72 ziwezazo kulirudisha.

Iko mipaka, nasi humwambia kila mteja siku ya kwanza kabla hajafungua kinywa. Tukiona maisha yake au ya mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhuriwa, tutasema, na tutamwambia yule awezaye kuokoa, naye peke yake. Nje ya hapo hatusemi. Wametujia wazazi waliolipa ada, waume, wake, hata wazee wa ukoo wenye nia ya kusuluhisha, wakitaka kujua yaliyosemwa. Huwajibu kwa heshima, "Mzee wetu, umelipia matibabu. Maneno yake bado ni mali yake." Wengine hukasirika. Wengine hunyamaza kitambo, kisha husema kwamba nao wangependa siku moja kuja kuketi.

Na salaam? Salaam hatuwezi kuiacha. Tumepatana hivi na kila mteja: tukikutana njiani tutamsalimu kama tumsalimuvyo Mwislamu yeyote, kisha tutapita. Akitaka mazungumzo, ataanza yeye.

Wakati ule tulikumbuka kisa kilichomo katika Sahihi ya Muslim, ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa kijana mdogo alitumwa na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akachelewa kurudi kwa mama yake. Ummu Sulaym akamuuliza kilichomchelewesha, naye akasema ametumwa jambo, na jambo hilo ni siri. Mama hakumbembeleza wala hakumtisha. Alimuusia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume. Anas akaihifadhi mpaka utu uzima wake. Sisi tulizoea kumsifu mtoto katika kisa hiki. Sasa tunamwona mama pia, aliyekuwa na hamu ya kujua kama mama yeyote, akaizuia hamu yake.

Miezi ilipita. Alasiri moja, baada ya mvua za masika, mteja wetu akaja. Aliingia ameshika viatu mkononi, akakiona kishubaka, akaviweka humo. Tulimtaka radhi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sikukasirika kwa kuwa walijua. Nilikuwa natafuta siku yangu ya kuwaambia mwenyewe. Siku hiyo mliichukua ninyi."

Hatukuwa na jibu, na hatunalo mpaka leo. Tulikuwa tumeihesabu siri kuwa ni kitu cha kufichwa, kumbe ni kitu cha mtu, cha kutoa au kutotoa, kwa wakati wake na kwa ulimi wake. Sisi tulikuwa tumewekeshwa tu, nasi tukakitumia bila idhini.

Ndugu zetu, huenda nyumbani kwenu yuko mtu anayekwenda kwa mshauri, au atakayekwenda. Mpeni nauli, mwangalilieni watoto, mpokeeni kwa chai arudipo. Msimuulize amesema nini. Siku yake ikifika, atawaambia. Na isipofika, amana hiyo haikuwa yenu.

Allah atusitiri sisi na ninyi, duniani na akhera. Amin.