Utepe Langoni mwa Zahanati

Siku wadi ya uzazi ilipofunguliwa rasmi katika kijiji kimoja kilicho juu ya Karatina, ajuza mmoja aliombwa kutoa shukrani kwa niaba ya wanakijiji. Nyuma yake walisimama wageni kutoka Nairobi, fulana zao za rangi moja, wameshika hundi ya kadibodi iliyokaribia mlango kwa ukubwa. Ajuza akashukuru, akawabariki, utepe ukakatwa. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipiga makofi pamoja na umati.

Haikupita miezi mingi kabla ya mkaza mwana wa ajuza huyo kushikwa na uchungu usiku wa manane. Walipofika zahanati walilakiwa na kufuli. Muuguzi alikuwa mmoja tu, na zamu yake ilikoma saa kumi na moja jioni. Mtoto alizaliwa ndani ya pikapu ya kubebea maziwa, kabla ya taa za Karatina kuonekana. Alilia, alhamdulilahi, na mamake akapona.

Si haki kuwabeza wafadhili wote kwa kisa kimoja. Wakfu wa Safaricom ulianzishwa mwaka 2003, ule wa Equity mwaka 2008, na waliosomeshwa na kutibiwa kwa fedha zao si haba. Hata hivyo, jengo hupigwa picha, mshahara haupigiki. Tangu mwaka 2013 zahanati za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na ndizo zinazoajiri wauguzi. Wauguzi walipogoma mwaka 2017 kwa takriban miezi 5, wadi mpya na kuukuu zilinyamaza sawia. Wamishenari wa Kiskoti walioanzisha hospitali ya Tumutumu, pamoja na makosa yao (nayo yalikuwa mengi), walitambua mapema kwamba dawa haijitii kinywani mwa mgonjwa. Wakawafunza wenyeji uuguzi, na mafunzo hayo yangalipo Tumutumu.

Likizo ilipofika, mjukuu alimkuta ajuza akimwogesha mtoto.

"Nyanya, bado unawashukuru wale wageni?"

"Nawashukuru," akajibu. "Lakini sabuni hii ni yao. Nimeinunua tangu mamako hajazaliwa. Walinirudishia kidogo changu, nami nikakipokea kwa mikono miwili kama mgeni."

Kisha akamwagiza alete kalamu na karatasi. Barua aliyomwimlisha haikuomba jengo jingine, wala kitanda. Iliuliza mambo mawili: wadi ilipochorwa, ni nani aliyekubaliana na kaunti kuhusu wauguzi wa usiku, na je, kampuni ingekubali kuwalipa wawili kwa miaka mitatu, huku kaunti ikijipanga?

Mjukuu alitaka kuanza kwa maneno matamu ya shukrani. Ajuza akakataa.

"Hayo niliyasema siku ile. Andika tarehe."