Nyirinyiri na Mchuzi wa Vitunguu

Chakula kina kazi mwilini, na kina kazi moyoni. Mwilini hujenga na kutia nguvu, moyoni hufariji. Kazi ya kwanza hufundishwa darasani, na mwanafunzi huweza kuieleza katika mtihani. Ya pili haifundishwi, maana haipimwi kwa mizani wala kwa kibaba. Hata hivyo kila mtu huijua. Mtu aliyechoka, au aliyefiwa, au aliye mbali na kwao, hatamani chakula chochote kilicho tayari. Hutamani chakula fulani, kilichopikwa kwa namna fulani. Nataka kusema habari za chakula kimoja cha namna hiyo, na kueleza kwa nini naamini kwamba faraja yake haitoki katika ladha peke yake.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kupika soseji kwa mchuzi mzito wa vitunguu. Ni chakula cha jioni kipendwacho sana na Waingereza siku za baridi, nao hukila pamoja na viazi vilivyopondwa. Wenzangu walicheka, wakasema kwamba hayo ni mapishi ya watu wasiojua bizari. Mimi nilivutiwa na asili yake. Neno soseji latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotiwa chumvi, na katika maana hiyo historia yote imo. Zamani, kabla jokofu halijabuniwa, watu waliochinja mnyama mkubwa hawakuweza kumla kwa siku moja. Basi walikatakata nyama, wakaitia chumvi na viungo, wakaishindilia ndani ya utumbo, wakaianika au kuikausha kwa moshi. Jambo hili ni la kale. Homer, malenga wa Wayunani, alitaja katika utenzi wa Odyssey utumbo uliojazwa mafuta na damu ukigeuzwageuzwa juu ya moto. Hapa kwetu Kenya Wakikuyu nao wana mutura, ambayo ni ndugu ya soseji kwa umbo na kwa fikira.

Kazi ya ualimu ilinipeleka Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir. Mji huo uko kaskazini-mashariki ya mji wa Wajir, katika njia iendayo El Wak na Mandera. Huko soseji hazina nafasi. Zile za nguruwe ni haramu kwa wenyeji, ambao ni Wasomali Waislamu. Na zile za ng'ombe zahitaji baridi tangu kiwandani mpaka jikoni, na Tarbaj ni nchi ya jua. Lakini swali lililowafanya watu wa kale kutengeneza soseji ndilo lile lile lililowakabili wafugaji wa nchi hiyo: nyama ya leo italiwaje mwezi ujao? Jibu lao ni nyirinyiri. Wasomali wenyewe huiita oodkac, au muqmad.

Nyirinyiri hutengenezwa hivi. Nyama ya ngamia, au ya ng'ombe, hukatwa mikanda myembamba mirefu, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani juu ya kamba mpaka ikakauka. Kisha mikanda hukatwa vipande vidogo sana, vingine havizidi punje ya hindi. Vipande hivyo hukaangwa katika mafuta, na mpishi hasimami mbali na sufuria. Kwanza mafuta hutoa povu na kelele nyingi, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani ya nyama yanatoka. Kelele zikipungua, mpishi hujua kwamba maji yamekwisha. Hutia iliki, na wengine hutia kitunguu saumu. Mwishowe nyama huwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, ikamiminiwa samli mpaka ikafunikwa kabisa. Ikitunzwa vizuri hukaa miezi mingi bila ya kuharibika. Sharti moja halivunjwi: kijiko chenye maji hakiingii ndani ya chombo hicho.

Mwanafunzi wa sayansi aweza kueleza sababu ya sharti hilo. Viini vinavyoozesha chakula havistawi pasipo maji. Chumvi na jua huyaondoa maji, moto huyamaliza, na samli huizuia hewa na unyevu visiifikie nyama tena. Wanawake waliobuni nyirinyiri hawakuwa na darubini ya kuvionea viini hivyo. Walikuwa na macho, na kumbukumbu, na watoto waliotaka kula. Katika nchi nyingine za dunia watu walifika karibu na jibu hilo hilo. Wenyeji wa Marekani ya Kaskazini walitwanga nyama kavu wakaichanganya na mafuta, wakaiita pemmican, nayo ililisha wasafiri katika safari ndefu.

Mimi hudhani kwamba mfugaji alikuwa na mwalimu wake karibu zaidi, naye ni ngamia. Wengi husema kwamba nundu ya ngamia ni tangi la maji. Sivyo. Ngamia aweza kunywa lita 100 na zaidi kwa muda wa robo saa, lakini maji hayo hayakai katika nundu. Nundu ni mafuta. Ni ghala aliyoijaza siku za majani, naye huila polepole siku za ukame. Na ghala ikiisha, nundu hulegea na kuinama. Mtu aliyeishi na mnyama huyu vizazi na vizazi, akaona jinsi anavyoubeba mgongoni usalama wake wa kesho, asingeshindwa kufikiri kwamba hata yeye aweza kuifunika nyama kwa mafuta na kuiweka kwa siku mbaya.

Nayo siku mbaya ilifika. Mvua za Tarbaj ni za misimu miwili: gu, ambayo hutazamiwa tangu Machi au Aprili, na deyr, ambayo hutazamiwa tangu Oktoba. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano iliandamana bila ya mvua ya kutosha. Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa kwa kiu na njaa katika Kaunti ya Wajir ilienea ulimwenguni kote. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Idadi kama hiyo ni vigumu kuingia akilini. Ilikuwa rahisi zaidi kuona madawati yaliyobaki matupu, na kujua kwamba mwenye dawati lile amefuata wanyama wachache waliosalia mahali pasipojulikana.

Shule ilipofungwa mwisho wa mwaka 2022 wavulana watatu hawakuwa na pa kwenda. Jamaa zao walikuwa wamehama na mifugo, na habari za mwisho walizozipata zilikuwa za zamani. Wakaruhusiwa kubaki. Mmoja wao, wa kidato cha pili, aliniambia kwamba hatarudi darasani Januari. Atakwenda Garissa kutafuta kibarua. Sikuwa na neno la kumjibu ambalo halingekuwa jepesi kuliko shida yake.

Jioni moja mama mmoja jirani yangu, mtu mzima ambaye watoto wote wa mtaa humwita Ayeyo, yaani bibi, alibisha hodi akiwa na kopo chini ya shuka yake. Ndani mlikuwa na nyirinyiri.

"Mwalimu," alisema, "wapikie watoto waliobaki."

"Mama," nikamjibu, "na nyumbani mwako kumesalia nini?"

Akanitazama kama mtu aulizwaye jambo lisilo na maana. "Hii tuliiweka kwa siku mbaya," alisema. "Siku mbaya ndiyo hii. Nikiificha leo, naificha kwa siku gani?"

Nilikuwa najua habari ya nyama ile. Mwanzoni mwa ukame, nundu za ngamia zilipokuwa zingali zimesimama, mama huyo aliwataka wanawe wachinje ngamia mmoja mnene. Watu walimlaumu, wakasema anaharibu mali wakati mvua iko njiani. Wao waliingojea mvua. Ngamia wao walikonda wakafa, na mzoga hauliwi. Mama yule alipoteza ngamia kama wengine, lakini mmoja alikuwa amekwisha kumweka ndani ya kopo.

Usiku huo nilitumia maarifa ya chuoni. Sikuwa na viazi, nilisonga ugali. Nilikuwa na vitunguu vinne vilivyokuja kwa lori, nikavikata vyembamba. Nilichota samli juu ya kopo kwa kijiko kikavu, nikaiyeyusha, nikatia vitunguu na chumvi kidogo, nikaacha moto wa makaa uwe mdogo. Hapa ndipo wapishi wengi hukosa subira. Kitunguu kikaangwacho kwa moto mkali huungua nje na kubaki kichungu. Kikipewa nusu saa na zaidi, maji yake hutoka, sukari yake hujitokeza na kugeuka rangi, nacho huwa laini, chekundu na kitamu. Nikanyunyiza kijiko cha unga wa ngano, nikakoroga mpaka ukanukia, nikaongeza maji kidogo kidogo ili usifanye madonge. Mchuzi ulipokuwa mzito nikatia nyirinyiri mwishoni kabisa, ipate moto tu, kwa kuwa yenyewe ilikwisha kupikwa kitambo.

Tulikula wanne katika sinia moja. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Kisha yule wa kidato cha pili aliokota kipande kimoja, akakitazama mbele ya taa, akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeikata nyama hii?" Nikamwambia. Akasema, "Mama yangu huikata hivi hivi," akaendelea kula, lakini polepole zaidi.

Asubuhi alikwenda kwa Ayeyo kurudisha kopo na kutoa shukrani. Hakurudi mpaka adhuhuri. Mama yule alikuwa ameulizia ukoo wake, akamtuma maji, akamlisha, akamwambia kwamba Garissa haitahama. Tangu siku hiyo alimchotea maji kila alfajiri na kula kwake, na Januari alikuwa darasani. Sisemi kwamba mchuzi wa vitunguu ulimrudisha shuleni. Nasema kwamba ulimpeleka mlangoni pa mtu aliyeweza kumrudisha. Mvua ilinyesha mwaka 2023, na kabla mwaka haujaisha ikazidi hata ikaleta mafuriko. Baba yake alikuja kumtazama. Katika kundi lao walikuwa wamesalia ngamia watatu.

Wazee husema kwamba akiba haiozi. Ukiiangalia nyirinyiri utaona kwamba methali hiyo yataka maelezo. Nyama huoza, na upesi. Isiyooza ni ile iliyoshughulikiwa mapema, wakati mwenyewe angali na uwezo, na wakati wenzake wanamcheka. Tena akiba yaweza kuharibika kwa namna ya pili, ambayo chumvi na samli hazizuii: yaweza kufichwa hata ikapitwa na siku iliyowekewa. Mama yule aliepukana na maangamizi yote mawili. Alijua kuweka, na alijua kutoa. Na elimu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo nilisema mwanzoni kwamba faraja ya chakula haitoki katika ladha peke yake. Wale wavulana walikuwa wakila fikira ya mtu aliyeiona njaa yao kabla haijafika, akaisimamia sufuria mpaka kelele za mafuta zikanyamaza. Soseji ya Mwingereza nayo, kabla viwanda havijaichukua, ilikuwa fikira ya namna hiyo.

Nawe mwanafunzi unayesoma kurasa hizi, kwenu kuna chakula kilichobuniwa kwa siku mbaya: kwa Mpwani ni ng'onda, samaki aliyepasuliwa akatiwa chumvi na kukaushwa, kwa mkulima huenda ikawa mihogo mikavu au mboga zilizoanikwa. Huenda hukipendi, kwa kuwa hakiuzwi katika maduka makubwa. Muulize mama au bibi yako namna kinavyotengenezwa, tangu kisu cha kwanza mpaka kifuniko. Andika ayasemayo, kisha jaribu kwa mikono yako, maana kundi la ngamia likifa laweza kuanza tena kwa watatu, lakini mapishi yakifa pamoja na mpishi hapana wa kuanza naye.