Nilivyouza Kahawa Ikiwa Maua

Kwa miaka mingi nimesimama kwenye mikutano ya chama chetu cha msingi hapa Kaisho nikiwasema watu wa butura. Kwa asiyeijua: mkulima amebanwa, kahawa bado iko mtini, pengine ni maua matupu, anamwita mnunuzi. Mnunuzi anatoa fedha chini ya nusu ya bei ya msimu, na mavuno yanakuwa yake. Serikali inaikataza butura, nami niliikemea kwa sauti yangu yote ya ualimu. Novemba 2021 niliifanya mwenyewe, magunia 20 ya kahawa ya maganda, nikapewa shilingi 600,000.

Mke wangu nilimwambia ni za bati. Zilikuwa za bitcoin.

Mpwa wangu aliyeko Mwanza ndiye aliyenifungulia programu kwenye simu, lakini simlaumu. Mimi ndiye niliyempigia mara tatu. Mwezi huo bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Onyo la Benki Kuu la Novemba 2019, kwamba biashara ya fedha hizi inakwenda kinyume cha kanuni za fedha za kigeni, nilikuwa nalijua. Lakini Juni 2021 Rais Samia, akifungua jengo la Benki Kuu huko Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Hayo ndiyo niliyoyashika.

Hadi Machi 2022 kipande changu kilikuwa kimepungua karibu theluthi. Mwenye akili angetulia au angetoka. Mimi nikahamia sarafu nyingine iitwayo Luna, kwa kuwa ilikuwa inapanda. Nilielezwa kwamba ina pacha wake, UST, asiyeshuka chini ya dola moja, na kwamba anayeweka UST hulipwa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Miaka 31 nimefundisha hesabu, na sikuuliza hiyo 20 inatoka mfuko wa nani. Nikapata Luna mbili. Mbili tu, na tayari kichwani nilikuwa nimeshazigeuza ng'ombe.

Mei 2022 UST ikashindwa kuishika ile dola. Mapacha hao walifungwa hivi: anayetaka kutoka kwenye UST anapewa Luna mpya za thamani hiyo hiyo. Watu walipokimbia kwa pamoja, Luna zikamwagwa sokoni bila kikomo, na kila zilivyozidi ndivyo zilivyokosa bei. Siku chache zilitosha kuitoa kwenye dola zaidi ya 60 hadi chini ya senti moja. Kwetu mtandao unashika vizuri nyuma ya choo, basi habari hiyo niliipatia hapo, nimesimama, naburuta kidole kwenye kioo. Luna zangu mbili zisingenunua kiberiti.

Mpwa wangu bado hunikumbusha kwamba Desemba 2024 bitcoin ilivuka dola 100,000. "Mjomba, ungetulia tu." Ni kweli, kwa mwenye fedha isiyosubiriwa na mtu. Yangu ilisubiriwa na ada ya Januari, na paa, na mwenye butura. Hata vipande vya mfuko wa uwekezaji wa UTT, ambavyo naviamini zaidi kwa kuwa naijua ofisi ya kwenda kuuliza, fedha ya namna ile haikufaa kuvinunua. Wako wanaoniambia kwamba kodi ya asilimia 3 iliyowekwa mwaka 2024 kwa sarafu hizi za mtandaoni inaonyesha serikali imeziridhia. Mtoza ushuru wa mnadani hupokea hata wa mbuzi mgonjwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenye butura aliingia shambani. Alikunja tawi, akahesabu vishada, akauliza kama nimeweka samadi. Mimi cha kwangu nilikinunua kitandani, taa imezimwa, mke wangu amelala.

Alikuja Julai 2022 na pikipiki ya miguu mitatu. Mke wangu ndiye aliyeyaanika yale maganda, akiyageuza kwa reki juu ya turubai kila siku huku akijua sasa ni ya nani. Tukapima. Magunia 17.

"Mwalimu, yamepungua matatu," alisema kwa heshima, wala hakucheka. Akafungua daftari, akataka kuyaandika kwenye msimu wa 2023, akapapasa mifukoni asione kalamu. Mke wangu aliingia ndani akamletea ya kwangu, ile nyekundu ya kusahihishia.